Tayamamu ya vakansi kubwa

Afadhali niseme mwenyewe, maana mtaa mzima wa Kasuku unajua tayari. Watoto walifika nyumbani kabla yangu.

Vakansi kubwa ile, likizo ndefu ya shule, niliamua watoto wa chuo changu cha Kurani wasikariri chumbani tu, wajifunze nje, kwa mikono yao. Nikachagua somo la tayamamu, yaani jinsi Mwislamu anavyojitwaharisha kwa mchanga anapokosa maji. Nilijisifu kwa kila mzazi. Lakini udongo wa mjini ni mwekundu, umejaa makaa, nami sikutaka kuchafua abakosti yangu mpya, suti ya heshima isiyo na tai. Kwa hiyo nikawatembeza watoto kumi na wawili mpaka kwenye mchanga mweupe, ule unaojitokeza mto Lualaba ukipungua wakati wa kiangazi.

Mchanga ulikuwa safi kweli. Tukaupiga kwa viganja, tukapaka nyuso, tukapaka mikono. Nikawasahihisha mmoja mmoja, nikaona Zaire nzima haina mwalimu kama mimi. Adhuhuri ilipoingia nikawapanga safu, tusali kwa tayamamu yetu.

Zainabu, binti wa miaka saba, hakuwapo. Akaja mbio, mikono inachuruzika maji mpaka viwikoni.

"Weye ulikuwa wapi?" nikamkaripia mbele ya wenzake. "Tunakungoja weye tu!"

"Unisamehe, muwalimu," akajibu kwa adabu. "Nilikuwa natawaza kule ku mto. Maji iko mingi."

Watoto kumi na mmoja wakageuka kuitazama Lualaba. Kisha wakanitazama mimi, mchanga ungali usoni mwangu.