Mashindano ya Uongo na Babu

Ukoo wetu ulikuwa na waongo wawili wanaotambulika: mimi na babu mzaa baba. Mimi sifa hiyo nilipewa na walimu, walioiandika kwenye ripoti kwa maneno ya adabu. Babu aliipata uzeeni, tena ghafla.

Kwetu mjukuu ana ruhusa ya kumwambia babu yake mambo ambayo watoto wa kuzaa wakiyasema watafungiwa mlango. Bibi alikuwa "mke wetu", na mimi na babu tuliitana mume mwenza. Kwa hiyo likizo ile, nilipotoka shuleni Sumbawanga na kumkuta kijijini amekaa kwenye kigoda, macho mekundu, ananuka gongo, nilimwamkia shikamoo kisha nikamuuliza jana alishinda wapi. Akasema alikuwa Kabwe, ziwani, anapakia samaki wa migebuka kwenye lori la mfanyabiashara wa mjini.

Jana yake hakuwa ametoka hata kwenda shamba la kijiji, ambako mwenyekiti alishachoka kumwita.

Nikasema na mimi nilikuwa Kabwe, nikamwona mamba akimkamata mguu. Waongo wengi hushindwa hapo. Babu alinyoosha mguu, akautazama, akasema, "Huu huu. Nikampiga kasia la pua." Nikaongeza kwamba walimchinjia mbuzi wa pongezi, na yeye akanitajia rangi ya mbuzi. Likizo karibu yote tulikwenda hivyo, na nilikuwa nimeshapanga jinsi nitakavyowasimulia wenzangu bwenini kwamba nimempata bingwa.

Jioni moja ugali ulikuwa umeshatengwa. Babu akauzuia mkono wangu.

"Tumsubiri mke wetu," alisema. "Amekwenda mtoni."

Bibi tulikuwa tumemzika mwaka uliopita, kabla ya mvua. Nikasema labda amepata mume wa tatu huko mtoni. Ilikuwa zamu yake kujibu. Aliinuka, miguu ameitanua kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi, akaenda mlangoni kutazama njia. Baba, tuliyekuwa naye kwenye sinia moja, akanawa mikono kama aliyeshiba, na hajala hata tonge. Mimi nikaelewa kwamba katika mashindano yale nilikuwa nacheza peke yangu.

Babu alikuwa mnywaji tangu zamani, lakini alikunywa pombe ya ulezi, ile ya kulipana kazi za shamba, nzito kwa machicha, ambayo ni nusu uji. Bibi alipofariki alihamia kwenye gongo, na chakula akakiona usumbufu. Baba akampandisha kwenye lori lililokuwa linarudi mjini, nami nikapanda nyuma, tukampeleka hospitali.

Daktari alitueleza wote wawili, nadhani kwa sababu nilikuwa nimevaa sare ya shule. Ubongo unaendeshwa na sukari, alisema, lakini sukari haiungui yenyewe. Kuna vimeng'enya vya kuiunguza, na hivyo havifanyi kazi bila molekuli moja ndogo inayoitwa vitamini B1, ambayo tunaipata kwenye chakula. Pombe kali ya kila siku huizuia isipite utumboni, na mtu asiyekula hana hata ya kupitisha. Nikasema hilo ni duka la kijiji chetu kabisa: kuni ziko tele, kiberiti hakuna, unalala njaa umekalia kuni. Daktari akasema ni sawa, ila nisiandike hivyo kwenye mtihani.

Seli zinazokosa moto huo hufa, hasa pale kumbukumbu mpya zinapotunzwa. Ubongo ukikuta tundu hulijaza kwa chochote kilicho karibu: jambo la zamani, au upuuzi wa mjukuu aliye likizo.

"Hadanganyi," alisema. "Anaamini."

Baba aliuliza swali moja tu, kama baba yake atarudi. Daktari akasema sindano za vitamini huwa zinarudisha mwendo na macho. Kumbukumbu ni bahati. Wengine hurudishiwa kiasi, wengine basi.

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Ubongo uliozoea kushikwa breki na gongo hukanyaga mafuta zaidi ili gari liende, na breki zikiondolewa ghafla gari linaruka. Babu alitetemeka mpaka kitanda kikalia, ikabidi apewe dawa ya kumtuliza. Shule ilipofunguliwa nilikuwa nakwenda kumwona baada ya kazi za shamba la shule, miguu ina udongo, manesi wananifukuza. Miguu yake ilianza kukaribiana anapotembea. Uongo uliendelea. Mimi nilikuwa nimeacha kuuongezea, na hiyo ilikuwa adhabu, kama golikipa aliyekatazwa kugusa mpira.

Mchana mmoja nikamuuliza kama kawaida, "Mume mwenza, jana ulishinda wapi?"

Alifungua mdomo. Nikajiandaa kwa safari. Akaufunga, akatazama blanketi lake muda mrefu, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Sikumbuki," alisema.

Nilitoka mbio kumwambia baba, aliyekuwa nje na daktari. Baba alidhani ni habari mbaya. Daktari ndiye aliyetabasamu. Mtu akiliona tundu lake, alisema, hana haja tena ya kulijaza takataka.

Niliporudi babu alikuwa ananisubiri. "Haya, wewe msomi. Jana nilikuwa wapi?"

Nafasi kama ile mwongo hapewi mara mbili. Nikamwambia alikuwa palepale kitandani, alikula ndizi, akalalamika chai haina sukari, akalala.

"Na mke wetu?"

"Alifariki, babu. Tulimzika pamoja, mimi na wewe."

Alilinyoosha blanketi magotini. Kisha akasema, "Kesho nikiuliza, niambie tena."

Kesho yake nilifika mapema, maneno nimeshayapanga njia nzima. Babu alikuwa ameketi, amenyolewa ndevu. Hakuuliza chochote. Aliniambia wakimruhusu twende kulipalilia kaburi la mke wetu, maana majani yatakuwa yameshalifunika, na mimi nibebe majembe yote mawili.