Njuga za Masanja

Nilisafiri kwenda Katoro kwa sababu ya barua iliyotoka Amerika. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa karani wa baraza pale Didia, kijana aliyetoka sekondari na kujiona. Mdogo wangu Masanja alikuwa Amerika akisomea udaktari wa mifugo. Muda wake wa kukaa ulikuwa unakwisha, na ili aongezewe alitakiwa kuleta maelezo ya baba yake chini ya kiapo: alizaliwa wapi, tabia yake ikoje, na vyama vyote alivyowahi kuingia. Baba alikuwa amehamia Katoro na ng'ombe wake kutafuta malisho, kama Wasukuma wengi wa wakati ule.

Asubuhi nilipanda lori lililobeba chumvi na mabati. Mpaka Kahama nilikuwa nimeirudia barua mara tatu. "Kaka," aliandika Masanja, "huku nao wana Bagika na Bagalu wao." Hizo ndizo pande mbili za ngoma kwetu, zinazoshindana baada ya mavuno, upande unaovuta watazamaji wengi ndio unaoshinda. "Vyama viwili vinagombana juu ya sheria ya wageni. Kila nchi imewekewa idadi ya watu wake wanaoruhusiwa kuhamia, na nchi kama yetu inapata kiduchu. Rais wao aliikataa sheria hiyo, bunge likaipitisha hivyo hivyo. Usidhani kila chama kina sauti moja. Humo humo ndani hawaelewani. Wanachokubaliana ni kuwaogopa Wakomunisti. Kwa hiyo andika kwa uangalifu."

Siku ya pili tulipita Ushirombo. Karibu na Runzewe lori lilizama kwenye tope, tukashuka kusukuma. Nilivua viatu nikavifunga shingoni, nikamwaza Masanja, ambaye tangu utoto alikuwa wa kwanza kuingia kwenye tope na wa mwisho kutoka.

Katoro, siku ya tatu mchana, palikuwa na maduka machache kando ya njia. Jirani yake baba, Mama Editha, Mzinza mwenyeji wa pale mwenye sauti kubwa, alinipokea kwa ugali na maziwa ya mgando.

"Mwingine tena," alisema. "Mmekuja na ng'ombe mpaka vijito vimekauka. Barazani wazee wanabishana kila wiki. Hawa wanataka mrudishwe kwenu, wale wanataka mbaki."

"Na wewe, mama, uko upande gani?"

"Mimi niko upande wa maziwa. Kula."

Baba, aliyekuwa akila nami, alicheka mpaka akakohoa. Nilipomweleza shida ya Masanja, alisukuma bakuli pembeni. "Kumbe naye anabishaniwa," akasema.

Kesho yake tulikwenda barazani. Baba alizungumza Kisukuma, mimi nikiandika Kiingereza. Tulipofika kwenye vyama, macho yake yaling'aa.

"Andika alikuwa Bagalu. Andika alikuwa kiongozi. Mwaka ule waliwashinda Bagika, watu wote wakahamia upande wake."

"Baba, hiyo ni ngoma tu."

"Ngoma tu? Umewahi kuvuta hata mtu mmoja, ng'wanone, mwanangu?"

Kiingereza cha ngoma nilikijua. Lakini niliona aibu. Niliwaza wakubwa wa Amerika wakimsoma ndugu yangu kuwa mcheza ngoma aliyejipaka vumbi. Basi nikaandika pati, neno la Kiingereza la chama cha siasa. Kiongozi wa Pati ya Bagalu, iliyowashinda wapinzani wake na kuwavuta watu wengi. Niliisoma sentensi ile nikaipenda. Baba, asiyejua kusoma, akatia dole gumba.

Tulipoagana alinipa njuga za Masanja, zile alizofunga miguuni akicheza. "Zitume pamoja na karatasi. Wakizisikia watamjua ni mtu wa namna gani."

Njiani kurudi njuga zililia ndani ya mfuko kila lori liliporuka shimo. Nilizifunga kwa shati langu zinyamaze. Nilipofika Shinyanga nilituma karatasi peke yake.

Jibu lilichukua miezi. Masanja aliitwa, akaulizwa pati yake inapata amri kutoka nchi gani. Alieleza kuwa ni ngoma. Wakamwuliza kwa nini basi kaka yake, karani wa baraza, ameandika vingine. Hakuwa na kitu cha kuwaonyesha. Akaambiwa aondoke. Kurudi nyumbani bila cheti aliona haya, akavuka kwenda Kanada. Barua yake ya mwisho ilisema: "Kaka, sina kinyongo. Ila ungeandika ngoma."

Nilimwandikia mara nyingi. Hakujibu tena.

Nilirudi Katoro mara moja tu kabla baba hajafariki. Aliniuliza kama njuga zilifika. Nikasema zilifika. Akauliza Waamerika walisemaje. Nikasema walifurahi.

Nimezeeka sasa. Nimejifunza kwamba mtu akiwaonea aibu watu wake, kalamu yake huwasingizia. Njuga ziko kwangu, zimening'inizwa karibu na mlango. Msimu wa mavuno, ngoma zikianza upande wa Tinde, huzishusha nikazitikisa kidogo, kisha nikasikiliza kama kuna hatua za Masanja njiani.