Mfarishi wa Viraka vya Wazee

Fusae alipoona mfarishi aliomshonea mjukuu wake umetundikwa ukutani, ndani ya fremu yenye kioo, alisimama palepale mlangoni.

Kanta alizaliwa kabla ya wakati, na kifua chake hakikuwa na nguvu. Kwao Kanazawa, mtoto dhaifu huombewa viraka vya nguo kwa watu walioishi miaka mingi, alale chini ya umri wao. Basi Fusae, magoti yakimlia, akapita nyumba kwa nyumba kwenye theluji. Mzee Kumajiro muuza tofu, ile jibini ya maharage ya soya, aliyekaribia miaka mia na bado hupanda paani kuondoa theluji, aliikata aproni yake mbele ya Fusae. Majira yote ya baridi Fusae aliviunga viraka kwa uzi mweupe, mishono midogo kama punje za mchele.

Na sasa? Wageni wa mkwewe Honoka, mama yake Kanta, walisimama mbele ya kioo, bilauri za mvinyo mkononi, wakipiga picha na kuguna kwa kujua mambo. Pembeni, Kanta alikuwa akikohoa chini ya blanketi la nailoni lenye vikatuni. Fusae alikuwa amepewa chai. Akaisukuma mbali.

"Mama, kila mtu anausifia!" Honoka akasema. "Hii ni sanaa."

"Kwani ukuta ndio unaoumwa?"

"Jamani, Mama! Mtoto atautapikia."

"Na atapike! Wewe ulidhani nguo ya mtoto ni ya nini?"

Mgeni mmoja akatabasamu. "Bibi, kitu kama hiki ni cha makumbusho."

"Hiyo ni aproni ya Kumajiro, mwanangu. Imefuta kamasi zake na maji ya maharage miaka nenda rudi. Njoo uinuse, halafu uniambie habari za makumbusho."

Mgeni akakunja pua, akarudi nyuma.

Fusae akaishusha fremu, akaibandua nyuma, akauchomoa mfarishi na kumfunika Kanta. Mtoto akakohoa, akacheua maziwa juu ya kiraka cha Kumajiro. Wageni wakageuza nyuso. Honoka akaruka na kitambaa, mkono ukamganda hewani: Kanta alikwisha kukikamata kile kiraka kilicholowa, amekipeleka shavuni, amefumba macho.

Honoka akakiweka kitambaa chini.

"Mama," akauliza polepole, "mfarishi huu unafuliwa kwa maji ya moto au ya baridi?"

"Baridi," Fusae akajibu, akaivuta chai yake.