Kiganja Chini ya Kisogo

Ukiambiwa kuna askari wa majini kutoka Arash, kule Loliondo ambako mto ukijaa sana hufika magotini, hukosei ukicheka. Mimi nilicheka. Nilikuwa nakaanga chapati hapa mgahawani kwangu Karatu, Nasieku akaingia kunipa habari kwamba amechaguliwa Jeshi la Wanamaji. Nikacheka mpaka chapati ikaungua, ndipo nikaona mwenzangu hacheki.

Nasieku alikaa kwangu miaka yake yote ya sekondari, kwa sababu kwao ni mbali na baba yake, mzee Sironka, aliniomba nimwangalie. Ni binti mrefu, mkaidi, na mcheshi akiwa hana neno moyoni. Siku ile alikuwa nalo. Kwao Umasaini kijana humsalimu mkubwa kwa kumwinamishia kichwa, na mkubwa humwekea kiganja utosini. Asipoguswa, hajapokelewa. Na wa kusafiri hatoki mpaka baba amguse. Basi alikuwa ametoka kwao kuaga; aliinama, na mzee Sironka akaificha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Baraka za ng'ombe ninazo, za mvua ninazo," alimwambia. "Za bahari sina. Baba zangu hawakuniachia."

Nilimkasirikia yule mzee, na niliiweka hasira yangu vizuri ili nije nimpe mkononi.

Huko chuoni pwani, kuruta hufundishwa upya hata mambo aliyokuja akiyajua: kutembea, kutandika kitanda, kula. Alfajiri ni mchakamchaka, kisha kwata mpaka nyayo ziombe radhi. Halafu kuna kupiga makasia, kufunga mafundo ya kamba, na kuzima moto ndani ya chumba kilichojaa moshi. Nasieku alinisimulia kwa simu kila Jumapili. Mafundo aliyaweza upesi, maana amefunga ndama tangu utoto. Samaki ndiye aliyemshinda. Kwao samaki na nyoka ni ndugu, kwa hiyo alikula ugali na maharage huku wenzake wakigombania kipande chake.

Kosa kubwa alilifanya siku ya kwanza kabisa. Mkufunzi wao, Sajenti Simon, mtu mzima mwenye mvi na sauti ya kuamsha kijiji, alipita mstarini akasimama mbele yake. Badala ya kukakamaa kama wenzake, Nasieku alimwinamishia kichwa.

"Kuruta, umedondosha nini?"

"Sijadondosha kitu, afande. Nakusalimu."

Aliuzunguka uwanja na tairi begani mpaka wenzake wakamaliza chai.

Hayo yote ni ya kuchekwa. La kuliza lilikuwa bwawa. Kila kuruta sharti aelee chali, kisha aruke kutoka jukwaani na kombati na buti zake, aogelee mpaka ukingoni. Akishindwa, majini hana lake tena, anarudishwa. Nasieku alizama kama jiwe la kusagia. Kesho yake akazama tena, na wiki iliyofuata akazama. Kila alipozama, alisema, aliiona mikono ya baba yake nyuma ya mgongo.

"Mama Sabina, nimekuja bila baraka," aliniambia kwenye simu, safari hii bila kicheko. "Haya maji yanajua."

Nikamjibu kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kusema ni rahisi, mimi mwenyewe mto wa Mang'ola navushwa nikiwa nimefumba macho. Nilipokata simu nilikaa jikoni nikamlilia mtoto wa watu.

Jumamosi moja Sajenti Simon akamwuliza mbele ya bwawa: ile siku ya kwanza, ulikuwa unasalimu kweli? Nasieku akamweleza desturi ya kwao, na mikono ya baba yake pia. Sajenti alivua viatu, akaingia majini, akamwamuru alale chali, kisha akaweka kiganja chini ya kisogo chake.

"Kichwa niachie mimi. Wewe kazi yako kupumua."

Hapo Nasieku alilia, na raha ya kulia ndani ya maji ni kwamba hakuna anayejua. Tangu atoke nyumbani hakuna mkubwa aliyemgusa kichwa. Shingo ikalegea, miguu ikapanda yenyewe.

"Haya, kuruta," Sajenti akasema baada ya muda. "Salamu zimetosha. Sasa ogelea."

Siku ya mtihani aliruka. Maji yalimwingia puani, buti zikamvuta chini, akafika wa mwisho. Lakini alifika.

Mwezi uliopita akaja likizo. Mzee Sironka naye akatoka Arash, akaketi kona ya mgahawa wangu na fimbo yake, nami hasira yangu nikawa nayo tayari jikoni. Nasieku alibadilisha nguo chumbani kwangu ili baba yake aione ile sare nyeupe kabla vumbi la Karatu halijaiona. Akavua kofia, akainama mbele yake. Mikono ya mzee ikabaki kwenye fimbo.

"Hayo maji uliyawezaje?" akauliza.

Akamsimulia habari ya kiganja, akiwa bado ameinama.

"Huyo Simon ni mtu mzima?"

"Ana mvi, papa."

"Ana watoto wake?"

"Anao."

Mzee akaitazama mikono yake. "Ana watoto wake," alisema, "na bado akamshika wangu. Mimi mikono nilikuwa nayo." Akaiegemeza fimbo ukutani. "Sogea, mwanangu. Nimechelewa."

Akamwekea mikono yote miwili utosini, akaanza kumbariki kwa Kimaasai, neno la bahari akilisema kwa Kiswahili kwa kuwa la kwao hakulipata. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani za wali, na ile hasira niliyoitunza sikuiona tena. Wali ulipoa. Sikuwaita.