Tonge la Ugali Halitafunwi

Binti yangu wa pili alikuwa katika mwaka wake wa tatu na hajui kutafuna. Kusimama alikuwa bado, shingo ilikuwa imekaza juzijuzi tu, na chochote kizito kuliko uji alikisukuma nje kwa ulimi, taratibu, huku akinitazama. Mimi si mtu wa kungoja. Majirani waliniambia subira yavuta heri. Niliwajibu kwamba heri yangu lazima iwe nzito sana, maana nimevuta mwaka mzima na haijasogea.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Katika ukoo wa mume wangu, mtoto aliyekaribia kupata mdogo wake alipelekwa kwa bibi, na bibi mwenyewe, mama mkwe wangu, aliishi Milepa, kule bondeni, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu juu. Wajukuu wote aliwalisha kwa namna moja: mtoto analazwa mapajani, kiganja kinakingwa mdomoni, uji unamiminwa humo, naye akitaka kupumua sharti ameze. Wengine walinenepa. Wangu alipaliwa mara mbili mikononi mwake, na mara ya pili midomo ilibadilika rangi nikamnyang'anya. Kwa hiyo nilijua kabisa: asipojifunza kula akiwa ameketi, uji ule utamwua huko, nami sipo.

Mtawa wa zahanati ya misheni alinionyesha la kufanya. Mketishe, mpe kidogo, weka shavuni si katikati ya ulimi, kisha ngoja. Kungoja ndiko kulikonishinda. Kila asubuhi kabla ya shamba, na kila jioni, nilimwegemeza kwenye gunia la mahindi, nikafinyanga tonge la ugali wa ulezi, dogo kama harage, nikamtia shavuni.

"Tafuna," nilimwambia.

Ulimi ukatoka.

"Tafuna, mama."

Tonge likamwangukia kifuani. Siku moja nilimfinya lile shavu hadi akalia, na aibu yake ninayo hadi leo. Siku nyingine nilirusha bakuli nje, kuku wakashiba. Mume wangu, aliyekuwa kibarua wa barabara ya Serikali, alisema labda mtoto hana njaa. Nikamwambia basi amlishe yeye. Akakumbuka ana jembe la kutia mpini.

Tuliendelea hivyo karibu miezi miwili. Kisha mama mkwe akapanda mlima kuja kumchukua mjukuu wake.

Nilimwamkia, nikampokea mzigo, nikamwekea boga la kuchemsha, maana meno yalikuwa yamemtoka yote. Aliketi mkekani akielekeana na mtoto, akaanza kula. Mtu asiye na meno akitafuna, uso mzima hufanya kazi: kidevu kinapanda karibu na pua, kinashuka, mashavu yanaingia na kutoka. Binti yangu alimkazia macho. Kisha kidevu chake nacho kikaanza kupanda na kushuka, mdomoni hamna kitu.

"Huyu umekuwa ukimfundisha kutafuna kwa chakula gani?" mama mkwe aliuliza.

"Kwa ugali, mama."

"Wewe ugali unautafuna?"

Nyumbani kwetu tonge la ugali lilichovywa mchuzini likamezwa zima, na mtoto mkubwa aliyelitafuna alichekwa. Miezi miwili nilikuwa nikimgombeza mtoto afanye jambo ambalo hajaona mtu yeyote wa nyumba ile akilifanya, mimi mwenyewe wa kwanza.

Bibi alimtia kipande cha boga shavuni. Kidevu kikapanda, kikashuka, akameza. Hakupaliwa. Jirani aliyekuwa mlangoni akasema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami nilitamani kumpiga mwiko. Nilichukua boga lile lile nikampa kwa mkono wangu, nikitafuna mbele yake kwa meno yangu mazima. Ulimi ukatoka. Akamgeukia bibi yake.

Nilifurahi, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko furaha. Nilimwomba mama mkwe aache kumkinga kiganja.

"Kiganja ni cha asiyejua kula," alisema. "Huyu anajua."

Mama mkwe alikaa siku tatu, na siku zote tatu mtoto alikula kwa mkono wa bibi. Asubuhi ya nne mama mkwe alimfunga mgongoni kwa kitenge changu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kumzuia: hajui kula, atapaliwa, atakufa. Nilisimama mlangoni nikiyatafuta, na hakuna hata moja lililokuwa bado kweli. Nikamfungia bibi boga la njiani, nikawaacha waende.