Mwizi wa Wimbo wa Baba

Nichekeni tu. Juzi, dukani mjini Mbulu, nilifungua diwani mpya ya mashairi na nyimbo za mshairi mmoja wa Pemba. Nikakuta wimbo wa mvua ambao marehemu baba aliuimba kila asubuhi akikamua ng'ombe kwetu Nambis. Nikasikia mpaka harufu ya maziwa. Tangu utotoni nilijua aliutunga yeye.

“Huyu mwizi!” nikapaza sauti. Watu wakajaa. Nikampigia mama, nikaweka spika ili wote wasikie ushahidi.

“Shikamoo mama. Wimbo wa baba wa mvua aliutunga nani?”

“Marahaba. Si aliutoa redioni!” Mama akacheka. “Na wewe Mwanakombo, hilo jina la pwani unadhani tulilipata wapi? Ni la yule mwanamke aliyekuwa anauimba redioni.”