Namba Nane Ilishuka ya Mwisho

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Nilikuwa nimetoka kwetu mtaa wa Kampemba na viatu vyangu vya kanisani, nikidhani nitakaa kwenye gishe, lile dirisha dogo la kuuzia tiketi. Chef, yaani mkuu wa mitambo, alinitazama miguu, akaniambia nifagie gati lote, toka langoni hadi mwisho juu ya maji, kisha nirudi kumwambia nimesikia nini.

Gati letu la Karavia lilikuwa njia ya chuma na mbao iliyoingia ziwani. Juu yake palikuwa na magari ya kugongana, viti vya minyororo vinavyorusha watu hewani, na mwishoni kabisa gurudumu kubwa lenye vibanda vinane vya kukalia watu. Nilifagia hadi saa sita. Nikamwambia kuna ubao unalia karibu na mama anayekaanga samaki wa Pweto, na chuma kinasaga chini ya viti vya minyororo. Akaandika vyote viwili.

"Kesho ukuye na viatu ya kazi," akasema.

Baba yangu alikuwa fundi wa reli, mtu wa kaskazini, na nyumbani tulizoea kusikiliza vyuma kama wengine wanavyosikiliza redio. Labda ndiyo sababu, hata nilipopewa gishe baadaye, Chef hakuniacha humo muda mrefu. Alinipeleka kwenye viti vya minyororo, baadaye kwenye gurudumu, nikawa conductrice, yaani mwendeshaji wake. Kila asubuhi nilipaka grisi, nikakaza boliti, nikajaribu pini za milango moja moja, nikalizungusha tupu mara tatu huku nimefumba macho. Ninyi vijana mna mashine zinazowaonyesha kosa kwa taa. Sisi tulikuwa na masikio, na masikio hayana mapumziko. Hata kwenye misa nilikuwa nasikiliza feni ya darini.

Jambo kubwa la gurudumu ni uzito. Vibanda hukaa kwa jozi zinazotazamana: cha kwanza na cha tano, cha pili na cha sita, hivyo hivyo hadi cha nne na cha nane. Ukishusha watu wa kibanda kimoja, lazima ufuatishe mwenzake wa upande wa pili. Ukitoa watu wa upande mmoja tu, upande mzito utavuta, na kama umeme haupo, breki ya mkono peke yake inaweza kushindwa. Jozi ipi ianze, hilo ni shauri la mwendeshaji.

Jumatatu moja ya Pasaka gati lilijaa. Binti yangu wa pekee, Béatrice, alikuwa na miaka kumi na tisa. Alipanda kibanda namba nane, akanipungia mkono. Namba mbili alipanda mama mmoja mgeni wa Directeur, mkubwa wa gati lote; mama huyo alikuwa na gauni la kitenge kipya. Niliona mawingu yakija toka ng'ambo ya ziwa, nikamwomba Directeur tufunge. Alijibu kwamba watu wamepanga foleni tangu asubuhi, mzunguko mmoja zaidi hautaua mtu.

Upepo ulifika kabla ya mvua. Umeme ukakatika, jenereta ikakohoa ikanyamaza. Gurudumu lilisimama na watu wote juu yake, vibanda vikayumba. Kibanda namba moja kilikuwa chini kabisa. Mgeni alikuwa juu kidogo ya hicho upande mmoja, na Béatrice vivyo hivyo upande wa pili. Niliweza kuona nyayo za viatu vyake.

Chef na wanaume wawili wakashika manivele, ule mkono wa chuma wa kuzungushia. Mimi nikashika breki. Tulifungua namba moja, watu wakashuka. Hapo Directeur akaja mbio.

"Mama Béa, mushushe sasa ule mama wa namba mbili. Iko hapa hapa."

"Hapana, Bwana Directeur. Tunaenda kwa namba tano. Nikifungua mbili sasa, gurudumu itakimbia na bantu bote."

Alisema kesho sitakuwa na kazi. Nikamwambia kesho ni kesho. Tukazungusha nusu duara, tukashusha namba tano.

Sasa niseme jambo ambalo sikuliandika kwenye ripoti. Baada ya jozi ya kwanza, ningeweza kuchukua jozi yoyote. Namba nane na namba nne zingefaa kabisa. Nilichagua mbili na sita, mgeni akashuka, Directeur akatulia. Kisha nikachukua tatu na saba. Kila kibanda namba nane kilipopita chini, Béatrice alikuwa ananitazama. Alikuwa ametapika, mvua inampiga, ameshika nondo kwa mikono yote miwili. Mara ya kwanza aliniita. Mara ya pili hakuniita. Nilimshusha wa mwisho kabisa, baada ya namba nne, na hakuniruhusu nimshike.

Hakuna aliyeumia. Directeur aliniandikia barua ya onyo, akanirudisha kwenye gishe. Chef aliniambia nilifanya kazi yangu, na mwaka uliofuata alikuja Directeur mwingine, ndiye akanirudisha kwenye gurudumu. Nililiendesha hadi pansheni. Watu walinisifu kwamba sikupendelea damu yangu. Nilipokea sifa hizo, na kila mara niligeukia grisi yangu upesi.

Sasa nimestaafu na sijui kukaa. Asubuhi nafagia ua uliokwisha kufagiliwa. Upepo ukianza, navaa viatu naenda Karavia, nasimama gatini nahesabu vibanda. Béatrice ni mwalimu, ana nyumba yake, huniletea unga na dawa za presha. Siku ile hatujawahi kuizungumzia.

Jumapili iliyopita alinifuata gatini, akasimama kando yangu tukitazama gurudumu linavyozunguka. Sikuwa nimepanga kusema kitu.

"Siku ile ya mvua," nikamwambia, "ningeweza kukushusha mbele ya bengine. Namba nane na namba nne. Hesabu ilikuwa inaruhusu."

Hakugeuka. "Na sababu ya kuniacha?"

"Niliogopa bantu baseme nilianza na mutoto wangu."

Alilitazama gurudumu hadi likamaliza mzunguko na watu wakaanza kushuka. Kisha akasema alilijua hilo tangu siku ile ile. Kule juu alikuwa na muda mwingi wa kuhesabu.

"Nilikuwa nangojea tu useme, Mama."

Akaanza kutembea kuelekea langoni, polepole, kwa mwendo ambao magoti yangu yanauweza. Nikamfuata.